Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi za Mzee Wako: Mwongozo Kamili kwa Familia za Mwanza na Kanda ya Ziwa

Aliyekuwa na miaka 25 vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, leo ameshavuka 70. Sajenti wake wa wakati ule, kama Mungu amemjalia, anazungukia 80 au ameipita. Watu wanaoweza kusema "huyu namfahamu, tulikuwa kombania moja" wanapungua kila msimu wa mvua. Kwa hiyo kama baba au babu yako ana kosa kwenye kumbukumbu zake za utumishi, iwe jina, tarehe, cheo au namba, anza kulishughulikia mwaka huu huu.

Nimekaa na wazee wengi wa Ilemela, Magu na Ukerewe kuandika barua za namna hii. Familia nyingi zinakwama kwa sababu moja: zinakimbilia kutengeneza karatasi mpya kabla ya kutafuta zile za zamani. Wanakwenda kwa wakili wanapata kiapo, wanakwenda NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wanabadili tarehe, kisha wanafika jeshini na rundo la karatasi zote za mwaka jana. Afisa anayefungua jalada la mwaka 1973 anatafuta kitu cha mwaka 1973. Kipande kimoja cha karatasi ya wakati ule kina uzito kuliko viapo vitano vya leo.

Kwanza jua kosa ni lipi, na liko kwenye karatasi ipi

Kwa kanda yetu kosa linaloongoza ni majina. Kijana wa Kwimba alifika kambini akataja jina lake kwa Kisukuma, karani aliyetoka Lindi au Tanga akaandika alichosikia. Lugwisha ikawa Rugwisha, Ng'holo ikawa Ngoro, Malimi ikawa Marimi. Wengine waliandikishwa kwa jina la baba mkubwa aliyewalea, kisha baadaye wakatumia jina la baba mzazi. Wengine waliingia jeshini na jina la nyumbani, wakabatizwa baadaye, na sasa kanisani ni Paulo, NIDA ni Paulo, lakini Paulo huyo jeshini hayumo.

Kosa la pili ni tarehe ya kuzaliwa. Ukiona 1 Januari au 1 Julai, mara nyingi ni makadirio tu. Kisha yanafuata mambo ya utumishi wenyewe: namba ya jeshi iliyokosewa tarakimu, tarehe ya kuandikishwa au kustaafu, cheo cha mwisho ambacho hakikuingizwa, jeraha lisiloandikwa, ushiriki wa vita usioonekana popote, mke au watoto ambao hawamo kwenye orodha ya wategemezi.

Sasa jiulize: karatasi yenye kosa ni ya jeshi kweli? Usilipite swali hili haraka. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mzee akifika kwenye uhakiki wa wastaafu na kitambulisho kinachosema 1950 wakati jalada lake la jeshi linasema 1953, macho yote yanaelekea jeshini, na familia inaanza safari ya kwenda kubadili rekodi ya jeshi. Huenda kosa liko NIDA, kwa sababu siku ya kujiandikisha mjukuu ndiye aliyejaza fomu kwa kukisia.

Ushauri wangu ni huu: kama tarehe ya jeshi ndiyo iliyotumika kumstaafisha na kumkokotolea mafao, iache. Sahihisha upande wa kiraia uendane nayo, ilimradi ni ya kweli au ndiyo makadirio yaliyokubalika tangu mwanzo. Ukigusa tarehe ya kuzaliwa kwenye jalada la jeshi unafufua swali la kwa nini alistaafishwa mwaka ule, na swali hilo linaweza kusimamisha pensheni ambayo ilikuwa inaingia bila shida. Cheo, jina na miaka ya utumishi ni mambo mengine. Hayo yakikosewa jeshini, yasahihishwe jeshini.

Fungua sanduku

Kila askari wa zamani ana sanduku. Liko chini ya kitanda au juu ya dari, ndani yake kuna bahasha iliyofungwa kwa nailoni, na ndani ya bahasha kuna cheti cha kumaliza utumishi jeshini kilichokunjwa mara nne. Angalia mkunjo. Mara nyingi unapita juu ya namba ya jeshi, na tarakimu ya mwisho imefutika, ndiyo maana kila ofisi inaisoma kivyake: huku 3, kule 8. Usijaribu kuirudishia kwa kalamu. Ukiikoleza tu, karatasi hiyo imekufa, kwa sababu sasa inaonekana imeghushiwa. Iweke kwenye plastiki ngumu kama ilivyo, piga picha ya simu mchana karibu na dirisha, kisha tafuta namba hiyo hiyo kwenye karatasi nyingine.

Na karatasi nyingine zipo. Hati ya malipo ya mshahara, barua ya kupandishwa cheo, ruhusa ya likizo, kadi ya hospitali ya jeshi, cheti cha kozi, barua ya uhamisho, karatasi ya nishani, kitambulisho cha zamani, hata bahasha tupu iliyotumwa kwake kambini ikiwa na namba na kikosi juu yake. Askari wa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) namba yake huanza na MT, ya afisa huanza na P. Kikosi huandikwa kwa namba ikifuatiwa na KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Ukiona vitu hivyo popote, hata nyuma ya picha, weka pembeni.

Picha zenyewe nazo zina kazi. Picha ya kikundi yenye tarehe nyuma inakusaidia kuwapata mashahidi.

Ukimaliza, chora jedwali kwenye daftari: upande wa kushoto majina ya karatasi, upande wa kulia jinsi kila karatasi inavyoandika jina, tarehe ya kuzaliwa, namba, cheo, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Jedwali hilo litakuonyesha karatasi ipi iko peke yake na zipi zinakubaliana.

Keti na mzee

Kazi hii ifanywe asubuhi, akiwa amekula na amepumzika, na ifanywe kwa lugha yake. Mzee wa Kikerewe atakumbuka kwa Kikerewe mambo ambayo kwa Kiswahili yanamponyoka. Rekodi kwa simu, uanze kwa kutaja tarehe ya siku hiyo na jina la anayeuliza.

Usimuulize mwaka. Muulize matukio, mwaka utautafuta mwenyewe. Alizaliwa kabla ya ziwa kufurika au baada? Maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana kati ya 1961 na 1964, na wazee wa pwani wanakumbuka mashamba yaliyozama. Aliingia jeshini kabla ya Azimio la Arusha la 1967, au baada ya watu kuhamishiwa vijijini? JWTZ yenyewe iliundwa 1 Septemba 1964, kwa hiyo utumishi wa kabla ya hapo ni wa jeshi la kikoloni au Tanganyika Rifles, na jalada lake halitafutwi mahali pamoja na la JWTZ.

Kwa aliyepigana Kagera kalenda iko wazi. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa mwanzoni mwa Novemba, na Mwalimu Nyerere akatangaza vita kwa maneno ambayo kila mzee anayajua: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka mwishoni mwa Februari, Lukaya ni Machi, Entebbe na Kampala ni Aprili, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalikuwa mpakani na Sudan. Machi hiyo hiyo ndege ya Libya ililenga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Mzee aliyekuwa Mwanza siku hizo atakusimulia bila kuulizwa. Muulize: mlivukaje Kagera pale Kyaka? Masaka ilipochukuliwa mlikuwa wapi? Kamanda wa kombania alikuwa nani? Nani alikuwa jirani yako kwenye handaki?

Usimtilie jibu mdomoni. Ukisema "si mlikuwa na brigedi fulani?" atakubali kwa heshima tu, na ushahidi umeharibika.

Na kuna mambo asiyotaka kuyasema. Yaache. Unahitaji vikosi, tarehe na majina ya wenzake. Waliokufa mbele yake si lazima wawemo kwenye barua yako. Akinyamaza, mpe maji, zungumzeni mengine, rudi kesho.

Nyoosha karatasi za kiraia

Kama tofauti ni ya majina, kinachohitajika kwanza ni kiapo cha majina mbele ya Kamishna wa Viapo. Mawakili wengi ni makamishna wa viapo, na mahakimu nao wana mamlaka hayo. Kiapo kiseme wazi kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kitaje kila karatasi inayotumia kila jina, na kieleze sababu ya tofauti. Kama mzee hajui kusoma, kiapo asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka dole gumba, na kamishna aandike hapo chini kwamba alisomewa na akaelewa. Sentensi hiyo ikikosekana, kiapo kinaweza kukataliwa.

Kiapo cha majina kinaeleza tofauti; hakibadili jina. Kama mzee aliacha kabisa jina la jeshini na kuchukua lingine, wakili atamwandalia hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kwa tofauti ya l na r usikubali kulipia hati hiyo. Kiapo kinatosha.

Cheti cha kuzaliwa kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa wilayani utaanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndiko usajili wa wilaya unakofanyika. Kwa mzee ambaye hakuwahi kusajiliwa, wataomba uthibitisho: cheti cha ubatizo, cha shule, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Cheti cha ubatizo cha zamani ni dhahabu. Misheni nyingi za kanda hii zimetunza madaftari ya miongo mingi, kwa hiyo nenda parokiani na jina la ubatizo, la baba, la mama na la msimamizi wa ubatizo. Marekebisho ya NIDA yafanye ofisi ya NIDA ya wilaya, baada ya kuwa na cheti mkononi.

Mashahidi

Wawili wanatosha kama ni wa kweli. Shahidi mzuri ni askari aliyekuwa naye kikosi kimoja, mwenye namba yake ya jeshi na cheti chake mwenyewe. Kiapo chake kiseme alimjuaje, walikuwa kikosi gani, kuanzia lini hadi lini, na waliitana majina gani. Jirani anayejua kwamba "huyu mzee alikuwa mwanajeshi" hasaidii kitu kwenye suala la cheo au tarehe.

Utawapata wapi? Chama cha wanajeshi wastaafu, MUWAWATA, kina wanachama wanaojuana. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, wazee hukusanyika. Na waulize kwenye uhakiki wa wastaafu. Pale foleni ni ndefu na wazee wanazungumza.

Kwa jeraha, shahidi wa kwanza ni mwili. Mpeleke Bugando au Sekou Toure, umwombe daktari aeleze kovu kwa maandishi: liko wapi, urefu wake, linafanana na jeraha la nini. Kama kuna kipande cha chuma kilichobaki ndani, eksirei itakionyesha, na picha hiyo haibishaniwi. Uamuzi wa mwisho utakuwa wa madaktari wa jeshi, lakini usifike kwao mikono mitupu.

Andika barua, ombi moja kwa barua moja

Barua inayoomba jina lirekebishwe, cheo kitazamwe, malimbikizo yalipwe na nishani itolewe itazunguka meza nne na kukaa kwenye ya tano. Anza na jina au namba, kwa sababu bila hivyo jalada lenyewe halipatikani. Likishapatikana, andika la cheo.

Mfano wa kiini cha barua:

*Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, Makao Makuu ya Jeshi (Utumishi Jeshini), Dodoma.*
*Kupitia kwa: Mshauri wa Jeshi la Akiba, Mkoa wa Mwanza.*

*YAH: OMBI LA KUREKEBISHIWA JINA KATIKA KUMBUKUMBU ZA UTUMISHI, MT ……… SAJENTI MSTAAFU ………*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanajeshi mstaafu niliyeandikishwa tarehe ……… na kustaafu tarehe ……… nikiwa kikosi cha ……… KJ. Katika kumbukumbu zangu jina langu limeandikwa ……… badala ya ……… Tofauti hii ilitokea wakati wa kuandikishwa. Ninaambatisha nakala za: cheti cha kumaliza utumishi, barua ya kupandishwa cheo ya mwaka ………, cheti cha ubatizo, kitambulisho cha Taifa, kiapo changu na viapo vya mashahidi wawili. Naomba jina lirekebishwe na nijulishwe kwa maandishi.*

Ukurasa mmoja unatosha. Usisimulie vita ndani ya barua. Aliye mezani anatafuta namba na tarehe. Mzee asaini mwenyewe au aweke dole gumba, na namba ya simu iwe ya mtu atakayepokea.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Sheria hiyo ina misamaha kwa mambo ya usalama wa taifa, kwa hiyo omba taarifa za mzee tu na usiguse mambo ya kikosi chake. Sheria isitajwe kwenye barua ya kwanza. Itaje kwenye ya ukumbusho, kama ukimya umezidi.

Peleka, upate namba

Ofisi ya kuanzia hapa kwetu ni ya Mshauri wa Jeshi la Akiba, yule ambaye wengi bado wanamwita mshauri wa mgambo. Yupo wa mkoa na wa kila wilaya, ni afisa wa JWTZ, na anajua barua ipitie wapi. Ingia na mzee kama ana nguvu, salimia kwa heshima, mwite afande, eleza kwa dakika mbili. Aliyeko Ukara au Irugwa asisumbuliwe na kivuko kwa kila hatua: aende mara moja, asaini hati ya uwakilishi mbele ya kamishna wa viapo, na baada ya hapo mtoto mmoja ndiye afuatilie. Mmoja, si watatu wanaopokezana.

Kama mzee alikuwa Polisi au Magereza, jalada lake liko kwenye jeshi hilo, hata kama alipigana Kagera. Anza kwa kamanda wa mkoa wa jeshi husika.

Usiache karatasi halisi popote. Toa nakala zilizothibitishwa na wakili, onyesha halisi zikaguliwe, urudi nazo. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma kwa posta, tumia rejista na utunze risiti. Baada ya wiki chache uliza masjala namba ya kumbukumbu ya barua. Ukishaipata hiyo, kila ukumbusho uanze nayo. Anayepiga simu na kusema "nafuatilia suala la mzee" hana majibu, anayesema "nafuatilia barua yenye Kumb. Na. fulani" anatafutiwa.

Pensheni za wanajeshi hulipwa na Hazina, kwa hiyo kama kosa liko kwenye malipo tu, mfano jina la benki halifanani na la orodha, nenda Hazina Ndogo Mwanza, ofisi ya Hazina ya hapa mkoani, kabla ya kuandika Dodoma. Wao hawabadili kumbukumbu ya jeshi, lakini watakuambia rekodi yao inasemaje.

Waliokwenda wakiwa mgambo

Hawa wananiuma. Makumi ya maelfu ya mgambo walipelekwa vitani, wengi wakarudi vijijini bila karatasi. Tafuteni kwanza kwa Mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya alikotoka mzee, si anakoishi sasa, maana ndiko alikoandikishwa. Tafuteni wenzake wa kijiji kilekile waliokwenda siku moja. Na mwambieni mzee ukweli mapema: kutambuliwa kuwa alishiriki ni jambo moja, pensheni ni lingine, nayo inategemea aina na muda wa utumishi. Kutambuliwa peke yake kuna thamani kubwa kwa mtu aliyebeba hadithi hiyo miaka yote bila kuaminiwa.

Wapo watu wanaopita vijijini wakisema kuna fidia ya vita imetoka na wanaandikisha majina kwa ada. Ukiombwa pesa ya kuingiza jina kwenye orodha, usitoe, na usitoe nakala ya cheti wala namba ya NIDA. Ripoti polisi.

Kama mzee ameshafariki

Kabla ya kuchukua cheti cha kifo, hakikisha jina linafanana na la jeshi, au majina yote mawili yametajwa. Kisha fungueni mirathi mahakamani, msimamizi aliyeteuliwa ndiye ataandika barua, akiambatisha barua za usimamizi. Kila kitu kingine ni kama nilivyoeleza, isipokuwa sauti yake mliyoirekodi sasa inawasaidia kujua mashahidi ni akina nani.

Wakikataa au wakinyamaza

Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi sababu ni ushahidi pungufu, na hiyo inatibika. Ukumbusho wa pili usipojibiwa, mbunge anaweza kuulizia wizarani, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90, na hapo tafuta wakili. Asiye na uwezo aulize halmashauri kuhusu msaada wa kisheria uliowekwa na sheria ya mwaka 2017.

Barua ya marekebisho ikifika

Toa nakala kadhaa siku hiyo hiyo. Moja Hazina Ndogo, moja benki, moja hospitali anakotibiwa, moja kwa mke wake. Rekodi ya jeshi ikibadilika, ya Hazina haibadiliki yenyewe. Mwezi unaofuata angalia malipo yameingia kwa jina gani na kiasi gani. Kama kilichorekebishwa ni cheo au miaka ya utumishi, sasa ndipo uandike barua mpya ya kuuliza malimbikizo, ukitaja Kumb. Na. ya barua ya marekebisho na kuiambatisha.